Sentimita 40 za Wapi? Utata wa Taarifa za Theluji Kwenye Vituo vya Skii

Mwishoni mwa Oktoba 2022, waandaaji wa Kombe la Dunia la skii walilazimika kufuta mbio zilizopangwa kufanyika kati ya Zermatt, Uswisi, na Cervinia, Italia, kwa sababu theluji haikutosha. Mbio hizo zilipangwa kuanzia zaidi ya mita 3,500 juu ya usawa wa bahari, jirani na mlima Matterhorn. Mwaka uliofuata, Novemba 2023, zilifutwa tena, safari hii kwa sababu theluji ilianguka kupita kiasi na upepo ukavuma kwa nguvu. Katika misimu hiyo miwili zilipangwa mbio nane, na hata moja haikufanyika. Waliokuwa wakifuatilia wakauliza swali la haki: ikiwa watu wenye wataalamu, mashine na fedha zote hizo hawakuweza kujua mlima utakuwaje, mtalii wa kawaida anayelipia hoteli wiki mbili kabla aamini nini?

Swali hilo hurudi kila msimu wa baridi, kuanzia milima ya Alps hadi Rocky ya Marekani na Hokkaido ya Japani, na linawagusa pia Waswahili walioweka makazi Zürich, Oslo au Denver. Programu ya simu inasema usiku zitaanguka sentimita 40. Mamlaka ya hali ya hewa inasema 10 hadi 20. Kukicha, kituo chenyewe kinatangaza 30. Mtu anafika, anafunga skii zake, na kukuta theluji nzito isiyovuka kifundo cha mguu. Hapo ndipo lawama huanza. Wapo wanaosema wenye vituo ni waongo. Wengine wanasema watabiri hawauwezi mlima. Wengine wana imani kwamba kamera na vipimo vya kielektroniki vitamaliza ubishi wote. Makala hii inazipima hoja hizo tatu. Msimamo wangu ni kwamba kila moja ina ukweli wake, ila zote zinapita juu ya kasoro iliyozizaa: namba ya theluji hutangazwa bila kusema ilipimwa wapi, saa ngapi, na ina maji kiasi gani. Namba ya aina hiyo huwezi kuithibitisha wala kuikanusha, na kwa sababu hiyo uongo, kosa la kitaalamu na bahati mbaya vyote huonekana sawa machoni pa mteja.

Kinachopimwa hasa ni nini

Mvua ina nafuu yake: milimita 10 zilizonyesha Tanga ni maji yale yale ya milimita 10 zilizonyesha Kigoma. Theluji haina nafuu hiyo. Kompyuta za utabiri huhesabu kwanza maji yatakayoanguka, kisha huyageuza kuwa kina cha theluji. Kanuni ya zamani ni kwamba milimita moja ya maji hutoa sentimita moja ya theluji. Kanuni hiyo ni rahisi kukumbuka, lakini mara nyingi hukosea. Theluji inayoanguka hewa ikiwa karibu na nyuzi sifuri hubeba maji mengi, hivyo milimita 10 za maji zinaweza kutoa sentimita 5 au 6 tu. Baridi ikikaza, hasa mawinguni kukiwa na nyuzi 15 hivi chini ya sifuri, chembe huota matawi membamba yanayopandana na kuacha hewa nyingi katikati, na maji yale yale yakatoa sentimita 20 au zaidi. Mwanafizikia Ukichiro Nakaya, aliyefanikiwa kutengeneza chembe ya theluji maabarani huko Hokkaido mwaka 1936, alionyesha kwamba umbo la chembe hutegemea joto na unyevu wa hewa inamoundwa. Maana yake ni kwamba mtabiri aliyepatia kiasi cha maji bila kukosea hata tone bado anaweza kukosea kina cha theluji mara mbili au tatu.

Jambo la pili ni mwinuko. Kwa wastani hewa hupoa nyuzi 6.5 kila unapopanda mita 1,000. Mkazi wa Moshi hahitaji kufundishwa hili, kwani huitazama theluji ya Kibo akiwa amevaa shati jepesi. Chukua Chamonix, Ufaransa. Mji wenyewe uko mita 1,035, wakati kilele cha Aiguille du Midi, ambacho gari la waya hufika karibu nacho, kiko mita 3,842. Jina moja la mahali linabeba mita 2,800 hivi za mwinuko, sawa na tofauti ya nyuzi 18 za joto kwa hesabu ya wastani. Anayesema "Chamonix kutaanguka theluji" hajasema mengi. Zaidi ya hapo, kosa la nyuzi moja tu katika utabiri wa joto husogeza mpaka wa mvua na theluji kwa takriban mita 150, juu au chini, na kwa kijiji kilichojengwa kwenye mwinuko huo, mita 150 ndizo zinazoamua kama wageni wataamkia theluji au tope.

Jambo la tatu ni kipimo chenyewe, ambacho mahali pengi bado ni kazi ya mikono. Ubao mweupe huwekwa mahali palipokingwa na upepo. Theluji ikishaanguka, mpimaji huchomeka rula hadi iguse ubao, husoma, hufagia ubao kisha huuweka juu ya theluji iliyopo ili upokee mpya. Lakini theluji haikai ilivyoanguka, kwa sababu uzito wake wenyewe huishindilia. Anayefagia ubao kila saa na kujumlisha atapata jumla kubwa kuliko anayesubiri saa 24, ingawa theluji iliyoanguka ni ile ile. Ndiyo sababu Idara ya Taifa ya Hali ya Hewa ya Marekani hairuhusu ubao ufagiwe zaidi ya mara moja katika saa 6. Ubao wenyewe ukipandishwa kutoka kijijini hadi karibu na kilele, namba hubadilika tena. Hivyo wapimaji wawili waaminifu wanaweza kutoka na namba mbili zinazopishana sana, na wote wakawa wamesema kweli.

Hoja ya kwanza: wenye vituo hutia chumvi

Hoja hii si porojo za wateja wenye hasira. Wachumi wawili wa Chuo cha Dartmouth, Marekani, Jonathan Zinman na Eric Zitzewitz, walilinganisha taarifa za theluji mpya zilizotolewa na vituo vya skii na siku za wiki. Mawingu hayajui Jumamosi ni lini, kwa hiyo kwa muda mrefu theluji ya wikendi inapaswa kulingana na ya siku nyingine. Katika ripoti yao ya kwanza, ya mwaka 2009, walikuta kwamba vituo vilitangaza theluji zaidi mwishoni mwa wiki, kwa wastani wa asilimia 23. Walikuta pia kwamba vituo vyenye faida kubwa zaidi ya kupata kwa kutia chumvi ndivyo vilivyozidisha zaidi. Utafiti huo ulichapishwa katika jarida la kitaaluma mwaka 2016 na hadi sasa ni ushahidi mzito kwamba tatizo hili lipo.

Nguvu ya hoja hii iko kwenye sababu zake. Tiketi ya siku ni bidhaa inayoharibika: kiti cha lifti kilichopanda kitupu Jumamosi hakiuziki Jumatatu. Gharama za kituo hazipungui theluji ikikosekana, maana mishahara, umeme na mikopo hulipwa vile vile. Mteja anaamua asubuhi, au usiku wa kuamkia, akiwa hana njia ya kukagua bidhaa kabla ya kuendesha gari saa tatu. Akifika hageuki kurudi, kwa sababu petroli imeshaungua na watoto wameshavaa. Biashara yenye sura hiyo inamshawishi hata mtu mwema achague ubao wa juu kuliko wa chini, au aseme "hadi sentimita 30" pale wastani ulipokuwa 18.

Hata hivyo hoja hii ina mipaka ambayo wanaoishabikia huisahau. Asilimia 23 ni nyingi kimaadili, lakini kwa rula si nyingi: kituo kilichopata sentimita 10 kikazidisha kwa kiwango hicho kitatangaza 12. Tofauti ya kina inayoletwa na uzito wa theluji peke yake inaweza kufika mara tatu, na inayoletwa na mwinuko inaweza kuwa tofauti ya kuwa na theluji au kutokuwa nayo. Uongo uliopimwa na watafiti hautoshi kueleza pengo kubwa ambalo mteja hulikuta kati ya sentimita 40 za simuni na zile 10 za miguuni. Ushahidi mwingine unatoka mahali ambapo hapauzwi tiketi yoyote ya skii. Katika dhoruba kubwa ya Januari 2016, wapimaji wa uwanja wa ndege wa Reagan, Washington, walipoteza ubao wao wa kupimia baada ya kufukiwa na theluji yenyewe. Namba waliyotoa, takriban sentimita 45, ilizua mjadala mkali kwa kuwa vituo vya jirani vilikuwa na theluji nyingi zaidi. Hapakuwa na mfanyabiashara wa kulaumiwa. Kazi ya kupima kitu kinachopeperuka na kushindiliwa ni ngumu hata kwa mtu asiye na masilahi.

Hoja ya pili: watabiri hawauwezi mlima

Wanaoshikilia hoja hii huanza na jambo la kweli. Kompyuta ya utabiri huigawa dunia katika vipande vya mraba na kuhesabu hali ya hewa ya kila kipande. Modeli ya Kituo cha Ulaya cha Utabiri wa Muda wa Kati ina vipande vya kilomita 9 hivi, na modeli ya dunia ya Marekani, inayoitwa GFS, ina vya kilomita 13 hivi. Ndani ya kilomita 9 za Alps mnaweza kuingia kilele, mabonde mawili na vijiji vitano, lakini kompyuta inaviona kama kilima kimoja kilicholainishwa. Kilele kinashushwa na bonde linainuliwa. Upepo unaopanda upande mmoja wa mlima na kuumwagia theluji, kisha kushuka upande wa pili ukiwa mkavu, hauonekani vizuri kwenye picha hiyo. Programu nyingi za simu hutegemea GFS kwa kuwa data zake hutolewa bure, kisha huandika jina la kituo juu ya namba iliyohesabiwa kwa ajili ya eneo zima.

Mlima una vituko vingine vinavyowashinda hata wataalamu. Katika bonde jembamba lisilo na upepo, theluji inayoyeyuka ikianguka hunyonya joto la hewa. Ikianguka kwa wingi na kwa muda mrefu, hewa ya bonde hupoa hadi theluji ikafika chini kabisa, mamia ya mita chini ya mpaka uliotabiriwa. Bonde pana la jirani, lenye hewa nyingi ya kupoza, hubaki na mvua. Baadhi ya usiku tulivu hewa baridi hushuka na kulala bondeni, hivyo kijijini kukawa na baridi kuliko kwenye kituo cha juu, kinyume cha kanuni ya nyuzi 6.5. Hata kujua kama utabiri ulipatia ni kazi, kwa sababu vyombo vya kukinga theluji visivyo na kizuizi cha upepo vinaweza kukosa zaidi ya nusu ya theluji upepo ukiwa mkali.

Lakini kutoka hapo kufikia kusema utabiri haufai ni kuruka mbali mno. Tathmini iliyochapishwa mwaka 2015 katika jarida la Nature ilionyesha kwamba utabiri wa dunia umeongeza takriban siku moja ya uhakika kila muongo. Uswisi na Ufaransa sasa zina modeli zenye vipande vya kilomita 1 hivi, zinazoanza kuyaona mabonde makubwa jinsi yalivyo. Tena milima haifanani. Theluji ya Niseko, Hokkaido, huletwa na upepo baridi wa Siberia unaochota unyevu juu ya Bahari ya Japani, na mtiririko huo ukishajipanga hudumu kwa siku nyingi, jambo linalorahisisha kuutabiri. Alps, ambako dhoruba moja inaweza kuja na joto la Mediterania na nyingine na baridi ya kaskazini, ni mtihani mwingine. Tunapaswa pia kutenganisha siku mbili zijazo na siku kumi zijazo. Tangu Edward Lorenz alipochapisha kazi yake mwaka 1963, inafahamika kwamba makosa madogo ya mwanzo hukua haraka, na kwamba baada ya wiki mbili hivi utabiri wa siku mahususi hauna mashiko. GFS huendelea kuhesabu hadi siku ya 16. Simu inapoonyesha sentimita 27 za siku ya 12, namba hiyo ipo kwa sababu kompyuta imeitoa, na mtabiri yeyote makini angeitupa.

Kasoro hapa basi haiko sana kwenye sayansi kama ilivyo kwenye namna sayansi inavyofikishwa kwa mtu. Vituo vikubwa vya utabiri havihesabu mara moja. Kituo cha Ulaya hurudia hesabu zaidi ya mara 50, kila mara kikibadilisha kidogo hali ya kuanzia, ili kuona matokeo yanatawanyika kiasi gani. Hesabu 40 kati ya hizo zikisema sentimita 10 hadi 15 na nyingine zikisema 50, hiyo ni habari muhimu sana. Programu ya simu huchukua jibu moja, au wastani, ikachora wingu na namba. Mtawanyiko, ambao ndio uaminifu wenyewe wa utabiri, unaachwa njiani.

Hoja ya tatu: kamera na simu zitamaliza ubishi

Hoja ya tatu ina ushahidi mzuri, na unatoka kwa wachumi wale wale wa Dartmouth. Mwanzoni mwa 2009, programu moja ya simu za iPhone iliongezewa uwezo wa watumiaji kuandika hali halisi ya theluji wakiwa mlimani. Baada ya hapo utiaji chumvi ulishuka kwa kasi, hasa kwenye vituo vilivyokuwa na mtandao mzuri wa simu. Tangu siku hizo vituo vingi vimeweka kamera inayotazama kijiti chenye alama za sentimita, na yeyote anaweza kukiangalia akiwa kitandani. Udanganyifu wa waziwazi umekuwa ghali.

Tatizo la suluhisho hili ni kwamba linaonyesha kile kinachotazamwa na kamera, na mahali pa kamera pamechaguliwa na mtu. Kijiti kilichosimikwa kwenye kona tulivu karibu na kilele kitasema kweli kuhusu kona hiyo, huku mteremko wa upande wa pili ukiwa umefagiwa na upepo hadi majani yanaonekana. Taarifa za watumiaji nazo zina upepo wake. Aliyefurahi huongeza, na mwenyeji anayetaka mteremko ubaki wake hupunguza. Vipimo vinavyojiendesha vya mawimbi ya sauti hupima umbali hadi uso wa theluji, lakini kina kikipungua chombo peke yake hakijui kama theluji imeyeyuka, imeshindiliwa au imepeperushwa. Teknolojia imepunguza uongo, na hilo ni jambo kubwa. Haikuondoa hitaji la kusema namba ni ya wapi, ya saa ngapi na ya theluji ya aina gani.

Theluji ya mashine yaongeza utata

Kwenye vituo vingi, swali "kuna theluji kiasi gani?" sasa lina majibu mawili: iliyoanguka kutoka mawinguni na iliyopulizwa na mashine. Theluji ya mashine ni matone madogo yaliyoganda, na kwa kina kile kile inaweza kubeba maji mara nne au zaidi ya theluji mpya ya asili. Hudumu muda mrefu na hufaa kwa mbio, lakini ni ngumu chini ya skii. Januari 2023 mbio za Adelboden, Uswisi, zilifanyika juu ya utepe mweupe huku majani yakiwa mabichi pembeni. Kituo cha namna hiyo kinaweza kutangaza kina cha sentimita 50 kwenye njia zake bila kusema uongo, na mgeni aliyetarajia mlima mweupe akajiona ametapeliwa.

Theluji ya mashine imebadilisha pia kile kinachotakiwa kwa mtabiri. Mwendesha mashine hatafuti mawingu, anatafuta saa za baridi kavu. Kipimo anachokitazama ni cha kipimajoto kilichofungwa kitambaa kibichi, ambacho husoma joto na ukavu wa hewa kwa pamoja. Kikishuka hadi nyuzi 2 au 3 chini ya sifuri, mashine zinaweza kuwashwa, hata kama hewa yenyewe iko sifuri au juu kidogo. Saa sita zenye sifa hiyo mwezi Novemba zinaweza kuamua kama kituo kitafunguliwa Krismasi.

Hapa ndipo hali ya hewa ya kesho inapokutana na tabianchi ya kesho kutwa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2023 katika jarida la Nature Climate Change ulichambua vituo 2,234 vya nchi 28 za Ulaya. Ulikadiria kwamba dunia ikipata joto la nyuzi 2 zaidi ya kabla ya viwanda, asilimia 53 ya vituo hivyo vitakuwa kwenye hatari kubwa sana ya kukosa theluji endapo havina mashine. Nusu ya eneo ikipuliziwa theluji, kiwango hicho hushuka hadi asilimia 27, lakini joto likifika nyuzi 4 kinapanda hadi 71 hata kwa mashine. Kadiri theluji ya asili inavyozidi kuwa ya kubahatisha, ndivyo kishawishi cha kupamba taarifa kinavyokua, na ndivyo tofauti ya mita 150 za mwinuko inavyozidi kuwa suala la kufa na kupona kwa biashara ya vijiji vya chini.

Gharama ya kukosea haigawanywi sawa

Kabla ya kuzipima hoja, lazima tuulize nani analipa utabiri ukikosea. Mtabiri akisema theluji nyingi na isianguke, hoteli imepata wageni walionuna. Akisema mawingu na upepo, kisha jua likachomoza, vyumba vimelala vitupu, na ndiyo maana wenye hoteli hulalamikia sana alama za mawingu kwenye simu. Akidharau dhoruba ya kweli, watu wanaweza kufa. Februari 1999 theluji iliyoanguka kwa wiki kadhaa mfululizo ilikifungia kijiji cha Galtür, Austria, pamoja na maelfu ya watalii. Tarehe 23 ya mwezi huo maporomoko ya theluji yaliua watu 31 kijijini hapo. Mtabiri anayejua historia hiyo ataegemea tahadhari, na ni haki yake. Kituo chenye kiti kitupu kitaegemea matumaini. Programu ya simu, inayoishi kwa kufunguliwa mara nyingi, itaegemea namba kubwa ya mbali inayosisimua. Mteja anapolinganisha vyanzo hivi vitatu anadhani analinganisha maoni juu ya theluji, kumbe analinganisha pia aina tatu za hofu ya hasara.

Kuzipima hoja

Tukiziweka pamoja, hoja ya udanganyifu ina ushahidi imara lakini inaeleza sehemu ndogo ya pengo. Hoja ya udhaifu wa utabiri inaeleza sehemu kubwa zaidi, ila inautupia lawama ujuzi pale ambapo kasoro iko kwenye uwasilishaji. Hoja ya teknolojia imeleta nafuu inayopimika, lakini inategemea mkono uliosimika kamera. Kinachoziunganisha zote ni namba isiyo na anwani. Anayetaka kudanganya hujificha ndani yake, kwa kuwa ubao wa juu na ubao wa chini vyote ni "kituo chetu". Mtabiri mkweli huonekana mwongo kupitia hiyo hiyo, kwa kuwa alitabiri eneo na wewe ukasimama kwenye mteremko mmoja. Hata kamera haina la kujibu bila kujulikana iko wapi.

Pingamizi la kwanza litakuwa kwamba umma hautaki maelezo marefu. Unataka namba moja. Jibu liko kwenye nchi hizo hizo za milima. Tangu 1993 Ulaya hutumia vipimo vya pamoja vya ngazi tano vya hatari ya maporomoko ya theluji. Taasisi ya utafiti wa theluji ya Davos, Uswisi, hutoa taarifa yake saa 11 jioni wakati wa majira ya baridi na kuihuisha saa 2 asubuhi. Taarifa hiyo haisemi tu "hatari ngazi ya 3". Husema ni juu ya mwinuko upi, na kwenye miteremko inayoelekea upande gani. Wapanda milima, walimu wa skii na watalii wengi wamejifunza kuisoma. Ikiwa watu wanaweza kusoma taarifa yenye anwani pale uhai wao unapohusika, hawashindwi kuisoma pale fedha zao zinapohusika.

Pingamizi la pili lina uzito zaidi: nani atakilazimisha kituo kutangaza namba ndogo wakati jirani yake anatangaza kubwa? Kituo kimoja kikiwa mkweli peke yake kitapoteza Jumamosi. Hapa mfano wa Davos unafundisha jambo lingine, kwamba anayepima na kutangaza hatari hauzi tiketi za lifti. Kuunda mamlaka mpya kwa kila mlima ni gharama isiyohitajika, lakini kanuni za pamoja za mahali pa ubao, saa ya kusoma na muda kati ya vipimo ni rahisi, na chama cha vituo kinaweza kuziweka kwa wanachama wote kwa mkupuo, ili asiwepo anayeadhibiwa kwa kusema kweli. Soko lenyewe limeanza kusaidia. Tangu Vail Resorts ilipoanzisha tiketi ya msimu ya Epic mwaka 2008, wateja wengi wa Marekani hulipa kabla hata ya theluji ya kwanza, na kishawishi cha kuwavuta kwa namba ya asubuhi kimepungua, ingawa mikahawa na maduka ya kukodisha vifaa bado yanawahitaji mlimani.

Kwa ufupi

Pengo kati ya theluji iliyotabiriwa, iliyotangazwa na iliyokutwa lina vyanzo vinne: uzito wa theluji usiotajwa, mwinuko usiotajwa, saa na namna ya kupima visivyotajwa, na masilahi ya anayetangaza. Vitatu vya kwanza ni vya asili na vya kiufundi, na ndivyo vinavyotoa tofauti kubwa zaidi. Cha nne ni cha binadamu, ni kidogo kwa rula, lakini ndicho kinachoharibu imani, na hupata nafasi kwa sababu ya vile vitatu.

Kwa mteja, inafuata kwamba utabiri wa siku mbili au tatu kutoka mamlaka ya taifa, unaotaja mpaka wa mvua na theluji, una thamani kubwa kuliko namba yoyote ya siku ya kumi, na kwamba taarifa ya kituo isomwe pamoja na mwinuko wa ubao wake. Kwa vituo, kanuni moja ya upimaji ni kinga ya mkweli dhidi ya jirani anayetia chumvi. Kwa watabiri na watengeneza programu, mtawanyiko wa hesabu ni sehemu ya jibu na unapaswa kumfikia mtumiaji. Hakuna hata moja kati ya hatua hizi itakayomhakikishia mtu theluji nzuri Jumamosi. Zitamwezesha kujua, Jumapili jioni, kama alikosea mtabiri, alidanganya mwenye kituo, au theluji iliangukia mteremko mwingine, na bila kujua hilo hakuna kosa litakalosahihishwa.